Timu inapofungwa: somo kwa mashabiki wa mpira kando ya ziwa

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya vijana, viongozi wa timu za mitaa na kamati za amani za Uvira, za bonde la Ruzizi na za njia ya kwenda Fizi. Mnaweza kulisoma pamoja kwa mikutano miwili. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mahali tulipoweka maswali msimame na kuzungumza kabla ya kuendelea. Si lazima muwe wachezaji. Mama anayeuza ndagala karibu na uwanja mara nyingi anawajua mashabiki kuliko kocha anavyowajua.

Kwa nini tuzungumze juu ya timu inayofungwa?

Katika majarida kama hili tumezoea kusoma habari za mechi za amani. Shirika linaleta jezi mpya na mipira miwili, vijana wa makabila mbalimbali wanachanganywa, viongozi wanahutubia, soda zinagawiwa, picha zinapigwa, na jioni gari linarudi lilikotoka. Hatusemi kwamba ni jambo baya. Lakini mechi ya siku moja, ambayo hakuna anayejali nani ameshinda, haipimi kitu. Kipimo kiko kwenye msimu mzima wa ligi, wakati timu imeshapoteza mechi nne mfululizo, pesa za kukodi gari la kwenda Sange au Kiliba zimekwisha, na Jumapili jioni watu wanaanza kuulizana ni nani aliyetuangusha.

Katika timu moja ya kartie utamkuta Mvira, Mfuliiru, Mbembe, Murundi, Munyamulenge na Mshi. Timu ikishinda, wote ni vijana wetu. Timu ikifungwa, ghafla mmoja wao anakuwa kijana wa watu fulani. Jina lake linaachwa na jina la kabila lake linachukuliwa. Maneno hayo hayabaki uwanjani. Yanaingia sokoni, yanapanda pikipiki pamoja na wamotari, na kufikia Jumatatu asubuhi mama wa kijana yule anasalimiwa kwa namna nyingine kwenye bomba la maji. Ndiyo maana tunasema kwamba kushabikia timu dhaifu ni kazi ya amani, hata kama hakuna shirika linaloilipia.

Zungumzeni: Je, mnakumbuka mara ya mwisho timu yenu ilipofungwa vibaya? Nani alilaumiwa kwanza? Alilaumiwa kwa jambo alilolifanya uwanjani, au kwa jambo lingine?

Golikipa wa San Pédro

Tuchukue mfano ambao wengi wenu mliutazama wenyewe kwenye nyumba za video. Timu yetu ya taifa, Chui, ilikosa kabisa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kameruni mwanzoni mwa 2022. Mwezi wa Juni mwaka huohuo ilianza safari ya kutafuta nafasi ya kombe lililofuata, ikafungwa na Gaboni nyumbani, bao 1 kwa 0, na siku chache baadaye ikafungwa na Sudani 2 kwa 1. Mechi mbili, pointi sifuri. Kocha Héctor Cúper akaondoka, akaja Sébastien Desabre. Kidogo kidogo timu ikasimama na mwishowe ikamaliza ya kwanza katika kundi lake.

Kombe lenyewe lilichezwa Kodivaa, Januari na Februari 2024. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Zambia, mjini San Pédro, tarehe 17 Januari. Golikipa wetu Lionel Mpasi alitoka mbali na lango lake ili kuokoa mpira kwa kichwa. Mpira ukamwangukia Kings Kangwa wa Zambia, naye akaupiga kutoka mbali ukaingia katika lango tupu. Yoane Wissa alisawazisha muda mfupi baadaye na mechi ikaisha 1 kwa 1. Kwa golikipa kosa la namna hiyo ni zito, kwa sababu mshambuliaji akikosa mara tano watu wanasahau akifunga mara moja, lakini kosa la golikipa linahesabiwa kwenye ubao.

Wiki hiyo ilikuwa na kupanda na kushuka kwingi. Dhidi ya Moroko, Cédric Bakambu alipiga penalti ikagonga mwamba. Tukafikiri mambo yamekwisha, kisha Silas akasawazisha katika kipindi cha pili. Mechi ya tatu ilikuwa na Tanzania, ndugu zetu wa upande mwingine wa ziwa, ikaisha bila bao. Sisi tukapita, wao wakarudi nyumbani. Pointi tatu kwa sare tatu, na hakuna mechi hata moja tuliyoshinda.

Tarehe 28 Januari tukacheza na Misri, San Pédro tena, katika uwanja uleule. Sare ya 1 kwa 1, muda wa nyongeza, kisha mikwaju ya penalti. Wapigaji wakafuatana mpaka ikawa zamu ya magolikipa wenyewe. Golikipa wa Misri, Gabaski, akapiga ukagonga mwamba wa juu. Akaja Mpasi, akafunga, tukapita kwa 8 kwa 7.

Tunaomba kikundi kitulie kidogo hapa. Kati ya siku hizi mbili zilipita siku 11. Kocha hakumwondoa Mpasi golini baada ya Zambia. Wenzake waliendelea kumrudishia mpira. Kama wangemtupa siku ile, mtu aliyetupeleka robo fainali asingekuwepo uwanjani. Hatusemi kwamba kila anayekosea atapewa siku yake ya kujisafisha. Wengi hawapewi, na mpira hauna huruma hiyo. Tunasema tu kwamba mashabiki hawawezi kujua mapema ni yupi.

Baada ya Misri tuliishinda Gine 3 kwa 1. Tarehe 7 Februari, mjini Abidjan, wenyeji Kodivaa walitufunga bao 1 kwa 0 katika nusu fainali. Kabla ya mechi hiyo, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa mithili ya bunduki, ili dunia ione mauaji ya mashariki na kimya kinachoyazunguka. Siku tatu baadaye Afrika Kusini ilitutoa kwa penalti katika mechi ya kutafuta nafasi ya tatu. Ukihesabu vizuri, katika mechi saba Chui walishinda moja tu ndani ya dakika 90, nao wakamaliza wa nne Afrika. Hao Kodivaa waliotutoa walikuwa wamefungwa na Gine ya Ikweta 4 kwa 0 mbele ya watu wao, wakamwachisha kazi kocha katikati ya mashindano, na tarehe 11 Februari wakabeba kombe. Anayetaka kuihukumu timu kwa Jumapili moja ana kazi ngumu.

Zungumzeni: Baada ya mechi ya Zambia, ninyi mlisema nini juu ya golikipa? Baada ya Misri mlisema nini? Katika timu ya kartie yenu, ni mchezaji gani aliyeondolewa baada ya kosa moja, na sasa yuko wapi?

Kocha aliyeshukiwa kwa sababu ya nchi yake

Wazee wenu wanakumbuka 1974. Mwaka huo Zayire ilichukua kombe la Afrika huko Misri, Ndaye Mulamba akafunga mabao 9, na hakuna mtu aliyefunga mengi kuliko hayo katika mashindano yale kwa mwaka mmoja. Miezi michache baadaye timu ileile ilikwenda Kombe la Dunia Ujerumani ya Magharibi. Ilifungwa na Uskochi 2 kwa 0, kisha Yugoslavia ikaifunga 9 kwa 0, kisha Brazili 3 kwa 0.

Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, naye alikuwa mtu wa Yugoslavia. Katika mechi ile ya mabao 9 alimtoa golikipa Kazadi baada ya bao la tatu, mapema kabisa. Minong'ono ikaenea kwamba kocha ameiuza timu kwa watu wa nchi yake. Hakuna haja ya kutafuta sababu ya mbali namna hiyo. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba walikuwa wamevunjika moyo kwa ajili ya pesa walizoahidiwa wasizipate, na kwamba kabla ya mechi ya Brazili walionywa na watu wa Mobutu wasithubutu kufungwa mabao mengi tena. Walirudi nyumbani bila heshima yoyote, na baadhi yao walizeeka katika umaskini.

Mambo mawili ya kujifunza yako hapa. Kwanza, sababu ya kweli ya kufungwa mara nyingi ni ya kawaida: pesa, uchovu, woga, mazoezi mabaya. Pili, sababu ya kawaida haipendezi masikioni, ndiyo maana watu wanatafuta msaliti. Na msaliti anatafutwa kwanza kati ya wale waliotoka kwingine.

Butembo, 2008

Tarehe 14 Septemba 2008, huko Butembo, Kivu Kaskazini, timu za Nyuki na Socozaki zilikuwa zikicheza. Nyuki ilikuwa inafungwa. Golikipa wake akashutumiwa kwamba anafanya uchawi uwanjani. Wachezaji wakapigana, polisi mmoja mkubwa alipojaribu kutuliza akatupiwa mawe, polisi wakapiga mabomu ya machozi, na umati ukakimbilia kutoka kwa wakati mmoja. Watu wapatao 13 walikufa, wengi wao vijana na watoto. Hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kukanyagana.

Tunasimulia habari hii kwa sababu imeanza na jambo dogo ambalo kila mmoja wenu ameliona: timu inafungwa, mtu mmoja anatajwa kuwa ndiye sababu. Uchawi, rushwa au kabila, mlango ni uleule. Mkutane na wazee na mapasta wenu juu ya jambo la dawa za mpira, kwa sababu vijana wanalisema kwa utani lakini wanaliamini.

Habari hii ina upande mwingine, ule wa uwanja wenyewe. Pale ambapo watu ni wengi na njia ya kutokea ni moja, hata mashabiki wema wako hatarini. Watu wa bonde hawajasahau Sange, usiku wa tarehe 2 Julai 2010, wakati lori la mafuta lilipopinduka na kuwaka moto, na zaidi ya watu 200 wakafa, wengi wao wakiwa ndani ya vibanda walikokuwa wakitazama Kombe la Dunia. Lile halikuwa kosa la mashabiki. Lakini mwenye nyumba ya video anaweza kuulizwa milango yake iko wapi, na kamati ya timu inaweza kuacha pande mbili za uwanja zikiwa wazi bila meza za biashara. Hayo hayagharimu faranga hata moja. (Tukiwa bado kwenye mambo yasiyogharimu sana: maji ya kunywa ya wachezaji yatiwe dawa. Kipindupindu cha Uvira hakichagui timu.)

Igizo la kufanya katika kikundi

Wagawieni watu watano nafasi hizi: golikipa, mama yake, motari, kapteni wa timu, na mzee wa kartie. Hadithi ni ya kubuni. Timu imefungwa mechi ya tano. Golikipa ameruhusu bao dakika ya mwisho. Motari mmoja anawaambia abiria wake kwamba golikipa ana mjomba Bujumbura, na mjomba huyo amepokea pesa kutoka kwa timu ya wapinzani. Hakuna aliyeziona pesa hizo. Jumanne, watoto wanamrushia golikipa vijiwe njiani. Jumatano, haendi mazoezini.

Igizeni mara mbili. Mara ya kwanza, acheni mambo yaende yanavyokwenda kwa kawaida. Mara ya pili, kapteni na mzee waanze kazi Jumapili ileile jioni, kabla motari hajampakia abiria wa kwanza. Angalieni tofauti ya saa. Kwa maoni yetu sehemu kubwa ya kazi iko hapo: uvumi unazimwa siku ya kwanza, na siku ya nne tayari una ndugu na majirani wa kuutetea. Mzee asimwite motari kumkemea mbele ya watu. Amwite kando, kwa heshima, amwulize: kijana wangu, habari hii uliisikia kwa nani? Mara nyingi njia inaishia kwa mtu wa pili au wa tatu ambaye hakusikia kwa mtu yeyote.

Mchezaji wa golikipa aseme mwishoni alijisikiaje. Msiruke sehemu hiyo hata kama muda umekwisha.

Waliobaki na waliokimbia

Mwaka huu jambo hili lina uzito mwingine. Tarehe 10 Desemba 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Januari 2026 wapiganaji hao wakaondoka. Katikati ya siku hizo Chui walikuwa Moroko katika kombe lingine la Afrika: wakaishinda Benini 1 kwa 0, wakatoka sare na Senegali, wakaifunga Botswana 3 kwa 0. Tarehe 6 Januari walitolewa na Aljeria kwa bao la dakika ya 119. Watu wa mji mmoja waliifuata timu moja wakiwa mahali pawili, wengine ndani ya nyumba zao, wengine katika kambi za wakimbizi.

Katika mechi hizo dunia nzima ilimwona shabiki wetu Michel Kuka Mboladinga, aliyesimama bila kutikisika mechi nzima, mkono mmoja juu, kama sanamu ya Lumumba. Bao la Aljeria lilipoingia, alilia. Mchezaji wa Aljeria Mohamed Amoura alimwiga kwa dhihaka mbele ya mashabiki wetu, halafu, lawama zilipokuwa nyingi, akaomba msamaha hadharani akisema hakujua maana ya alama ile. Zungumzeni: Shabiki aliyedhihakiwa anapaswa kufanya nini na msamaha wa namna hiyo? Na kama ni ninyi mliodhihaki timu ya kartie jirani, ni nani kati yenu angekwenda kuomba msamaha, na angekwenda kwa mlango gani?

Sasa timu za mitaa zinakusanyika tena. Mchezaji aliyebaki anaweza kuitwa msaliti. Aliyekimbia anaweza kuitwa mwoga. Mwingine amerudi na kukuta nafasi yake ina mtu, na mwingine hatarudi. Timu kama hiyo itafungwa mara nyingi mwanzoni, kwa sababu wachezaji hawajazoeana na wengine hawali vizuri. Kila kufungwa kutakuwa nafasi ya kurudisha swali la nani alikuwa wapi mwezi wa Desemba. Tunawashauri viongozi wakubaliane mapema, kabla ya mechi ya kwanza, kwamba swali hilo haliulizwi uwanjani wala kwenye benchi, na kwamba lina mahali pake, mbele ya wazee na mbele ya sheria. Kunyamaza kabisa hatukushauri, kwa sababu jambo lisilozungumzwa popote litazungumzwa na walevi baada ya mechi.

Ng'ambo ya maji, jirani zetu Warundi walifika Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza 2019, baada ya sare ya 1 kwa 1 na Gaboni mjini Bujumbura. Huko Misri walifungwa mechi zote tatu, wala hawakupata bao hata moja. Waulizeni mnapokwenda kule sokoni wanaikumbuka vipi timu ile. Mtashangaa ni wangapi wanaoanza na sare ya Gaboni.

Maandalizi ya mkutano wa pili

Leteni ratiba ya mechi zilizobaki, hata kama imeandikwa kwa mkono. Kwa kila mechi chagueni watu wawili, wasiwe wa kabila moja, watakaotembea na golikipa na refa mpaka barabara kubwa baada ya filimbi, timu ishinde au ifungwe. Chagueni pia mtu mmoja atakayemtembelea nyumbani Jumatatu mchezaji aliyelaumiwa, bila hotuba, akae, anywe chai, aondoke. Mama wa timu washirikishwe katika kuchagua, maana wanajua ni nyumba ipi itakayomkaribisha nani. Na kapteni aje na daftari la michango, kwa sababu tutaanza na swali la nauli ya mechi ya ugenini, nani amelipa na nani bado.